Niliuliza Dawa, Sikuuliza Kinini

Mke wangu amekufa na mimi nimechangia kumuua. Sitafuti namna laini ya kulisema. Jina langu msiliweke gazetini. Siogopi kitu, ila halistahili wino. Mtaani waliniita Dokta, na ninyi niiteni hivyo hivyo mcheke.

Dokta! Mtu wa Tanga, darasa la saba, mwenye meza Yeoville, hapa Johannesburg, karibu na roboti, yaani taa za barabarani. Juu ya meza nilipanga sabuni, soksi, chaja za simu na mafuta ya ngozi. Chini ya meza nilikuwa na begi la vidonge. Humo kilichotoka sana ni rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki ambazo kwetu kila mtu anazijua kwa rangi zake. Mtu akikohoa, rangi mbili. Akiwa na jipu, rangi mbili. Akija anatembea miguu imepanuka na aibu usoni, rangi mbili, na namwongezea. Sikujua hata zinafanyaje kazi. Nilijua rangi tu, kama mtoto wa chekechea.

Na nilipenda, jamani! Nilipenda kuitwa. "Dokta, koo linaniua." "Dokta, nipe ile ya siku ile." Ningewajibu nimekunja uso, kama nina vyeti ukutani.

Mke wangu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, msusi, mtu wa kanisa kwelikweli. Tulipanga chumba cha uani huko Observatory, mtaa wa jirani. Mtoto wetu Neema anasoma Lubumbashi kwa bibi yake. Kiswahili chetu mimi na mke wangu kilikuwa kimoja na si kimoja. Kidonge, kwake, kiliitwa kinini. Neno dawa kwake lilikuwa na harufu nyingine, ya mganga, chale na hirizi. Tulipooana nilimwambia siku moja, "Kunywa dawa yako ulale," akanitazama kama nimemtukania Mungu wake. "Dawa? Miye nakunywaka dawa? Weye umenikuta kwa mulozi?" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Toka siku hiyo nikajua, nikimtaka ameze kitu nasema kinini.

Likumbukeni hilo, kwa maana nililikumbuka vizuri sana siku nilipotaka kumdanganya.

Alianza kuumwa koo. Alikuwa pia na kisukari, na kwa hicho alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Nikatoa rangi mbili begini. Akameza. Kesho yake akapata homa, ngozi ikawa nyekundu kwapani na kwenye mapaja, ikapanda kifuani inawaka. Halafu juu ya ule wekundu vikatokea vipele vidogo vyeupe, vidogo kama punje za chumvi, vingi hata huwezi kuvihesabu, vyote vina usaha.

Akaniambia, tena kwa upole, "Papa Neema, toka nilianza kumeza ile kinini yako, njo ngozi inaniwaka."

Nilimjibu nini? Nilimjibu, "Mama Neema, wewe udaktari umeusomea saluni? Usaha ni uchafu unatoka. Usaha unauawa kwa rangi mbili." Nikamwongezea.

Mwenye ngozi ndiye aliyejua, na mjinga ndiye aliyekuwa na begi!

Alipoanza kuweweseka nilimpeleka hospitali. Daktari wa kwanza kumpokea alikuwa kijana, anaongea Kiingereza na Kizulu. Mke wangu alikuwa na Kifaransa na Kiswahili. Basi mdomo wake nikawa mimi. Daktari akauliza, wazi kabisa, kama mgonjwa amemeza vidonge vyovyote siku za karibuni, hata vya kununua barabarani. Alisema hivyo, hata vya barabarani. Nikahisi ananitazama begi, ingawa begi nililiacha nyumbani.

Nikaona polisi. Nikaona meza yangu imepinduliwa, nimerudishwa kwetu mikono mitupu. Nikaona watu wa Yeoville wanasema, yule Dokta kamlisha mkewe sumu. Nikamgeukia mke wangu na nikachagua neno. Sikuteleza ulimi. Nilichagua.

"Mama Neema, anauliza kama unatumia dawa."

Homa na yote, alijiinua. "Dawa? Miye? Yesu anikinge! Mwambie huyu mutoto miye niko mu-Kristu!"

Nikamgeukia daktari nikasema, anasema hapana.

Na kweli alisema hapana! Ndivyo nilivyojifariji kwenye benchi la nje, kwamba sikusema uongo, nilitafsiri tu. Mnaona uchafu wa mtu? Nilimtumia mwaminifu yule, na imani yake, kufunika begi langu.

Baadaye akaniuliza, "Ni nini alikuwa anasema ule docteur, mambo ya dawa?"

"Anauliza wote. Anadhani watu wetu wote tunaenda kwa waganga."

Akacheka kidogo, midomo imekauka. "Eish, hawa bantu."

Kwa kuwa walimwona ana usaha na homa, walidhani ni vijidudu, wakamwekea antibayotiki kwenye dripu. Ilikuwa ndugu yake na ile ya begini, hilo nimelijua baadaye. Ngozi ikazidi. Wakamleta daktari wa ngozi, mwanamke mtu mzima, hana haraka. Alimtazama kwapani, akamfunua mapaja, akampangusa usaha kidogo kwa pamba kupeleka maabara, akakata na kipande cha ngozi kidogo kuliko kucha. Halafu akaniita pembeni.

"Vipele hivi vinanifanya niwaze dawa," alisema. "Sioni vijidudu, naona mwili umekataa kitu. Una hakika hakumeza chochote?"

Mlango wa pili huo, Mungu kanifungulia! Nikasema, labda samaki.

Samaki!

Majibu yalipokuja yule mama alinieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Katika ule usaha wote hakukuwa na kijidudu hata kimoja. Ni mwili wenyewe unatoa usaha kwa kukasirishwa na dawa. Akaamuru dripu ile iondolewe, wampake krimu ya kutuliza ngozi, wamfunike kwa vitambaa vya majimaji, wamshushe homa, wamtunze maji ya mwili na sukari. "Tukiacha kinachomkera, atapona," alisema. "Wengi hupona. Ngozi hukauka, hubambuka, basi."

Mngedhani nilinyamaza hapo, nikamshukuru Mungu. Sikunyamaza tu. Nilimdharau. Nilisema moyoni, mama huyu anasema usaha bila vijidudu, amesoma nini? Mimi nimetibu majipu ya Yeoville nzima! Basi kila nikienda kumtembelea nilimbebea uji kwenye chupa ya chai, na ndani ya uji nilifungua rangi mbili nikaukoroga ule unga wake. Mke wangu akaunywa. "Huyu uji iko na uchungu, Papa Neema." Nikamwambia ni mtama wa huku, hauna ladha. Akaumaliza kwa sababu nimeupika mimi.

Daktari wa ngozi akawa anakuja, anatazama, anatikisa kichwa. Vipele vilivyokuwa vinakauka, chini yake vinatoka vipya. "Sielewi," alisema. "Angepaswa awe ameanza kubambuka." Alilisema kwa huzuni ya kweli, kama kosa ni lake. Nilikuwa nimeshika chupa ya uji mkononi. Hapo ndipo akili iliponifika, imechelewa kama mvua baada ya mahindi kukauka. Nikamwambia yote, ya begi, ya rangi mbili, ya uji, na ya lile neno.

Hakunifokea. Heri angenifokea. Alichukua chupa mkononi mwangu, akampa nesi, akarudi kwa mgonjwa wake bila kunitazama tena.

Ngozi ilianza kukauka kweli. Ilibambuka kama ganda la kitunguu, na chini yake palitokea ngozi mpya, laini. Yule mama alikuwa sahihi! Lakini kwa muda wote ule ngozi iliyoachia ilikuwa imeruhusu vijidudu halisi kuingia, na figo, ambazo kisukari kilikwishazichosha, zikagoma. Walimhamishia wodi ya mashine, wakamlaza usingizi. Hakuamka. Nilimzika ana ngozi nzuri.

Msibani, dada yake mkubwa, ambaye sote twamwita Yaya, alikaa na akina mama wa kanisa, na minong'ono ikaanza. Mtu kamroga. Wakamtaja msusi mwenzake, mwanamke waliyegombania kiti saluni. Yule mwanamke alikuwa palepale jikoni anamenya viazi vya msiba, anasikia. Nilimwona machozi yakidondokea kwenye beseni.

Nikasimama. Kwa mara ya kwanza nilitumia neno linalostahili. Nikasema, "Yaya, hakuna mulozi. Nilimpa kinini. Daktari aliuliza kinini, mimi nikamuuliza dawa."

Yaya alielewa papo hapo. Mkongo yeyote angeelewa. Akasema, "Ulimwita mama ya mutoto yako, ukamuuliza na neno ya bachawi, sababu ulijua atakataa." Akavuta kanga yake, akahamia upande wa pili wa chumba. Mpaka leo yuko upande huo. Yule msusi alikuja kunipa mkono. Nilishindwa kuupokea.

Msiniambie majuto ni mjukuu. Begi nimelitupa, ila wenzangu wenye mabegi bado mpo, Yeoville, Alexandra, Diepsloot, nawajua kwa sura. Kesho kuna mtu atawaita Dokta na mtakunja uso. Nawadharau kama ninavyojidharau, na mimi najidharau sana.

Na wewe unayemeza, sikia. Ukianza kidonge chochote ukaona ngozi inakuwa nyekundu, ina vipele vya usaha na homa juu, acha kukimeza na ukimbilie hospitali na paketi mkononi. Usione haya kusema ulikinunua wapi. Hospitali haikuulizi ili ikufunge.

Na wewe unayekwenda kuwa mdomo wa mgonjwa, mke, mama au jirani, kila swali mfikishie kwa maneno anayoyaelewa yeye. Mimi niliulizwa mara mbili. Mke wangu, mwenye ngozi, mwenye jibu, hakuulizwa hata mara moja.