Mzee Revelian na Filamu ya Treni ya Barua

Kama umewahi kukaa Gongo la Mboto hata wiki moja, basi umeshasimuliwa habari za Mzee Revelian na filamu ya treni ya barua. Hukuomba, lakini umesimuliwa. Ujana wake wote aliumalizia ndani ya behewa la posta, Dar hadi Kigoma na kurudi, akichambua barua huku treni ikikata mbuga. Mwaka 1976 wakaja watu wa filamu, wakampiga picha treni ikiwa kwenye mwendo mkali. "Mwili unayumba, mkono haukosei!" Aliisimulia kanisani, kwa kinyozi, hata msibani. Wa kwanza kusimuliwa alikuwa Adelina, enzi hizo Revelian akimtongoza, na mzee aliamini kabisa kwamba hadithi hiyo ndiyo iliyompatia mke.

Tatizo ni moja tu: ilikuwa uongo. Treni haikwenda popote. Kelele za reli zilimshinda mtu wa sauti, kwa hiyo behewa likaegeshwa karakanani, wachambuzi wanne wakapangwa mbele ya visanduku vya barua, na mwongozaji akawaamuru wayumbe. Kulia, kushoto, kulia, kushoto.

Sasa akatokea Nusaiba, binti anayekusanya filamu za zamani. Akaipata hiyo filamu, akatangaza kuionyesha Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia. Mtaa mzima ukamfurahia mzee. Mzee mwenyewe siku mbili hakuonekana hata kwa kinyozi. Watu kumcheka angevumilia, lakini Adelina je? Mwanamke aolewe kwa uongo, aje kuugundua akiwa na wajukuu saba?

"Baba Clara, vaa lile shati la bluu," Adelina alimwambia Jumamosi hiyo. "Leo wewe ndo staa."

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Treni ikapita ukutani kwa mbwembwe zake, kisha likaja behewa la posta, na watu wakaangua kicheko. Wachambuzi watatu walikuwa wakiyumba kama walevi wa harusini. Wa nne, kijana mwembamba, alisimama wima, miguu ameitanua, barua zinamtoka mkononi na kuingia kwenye visanduku bila yeye kuvitazama.

"Shikamoo mzee!" akapaza sauti Faraji, jirani yake, fundi viatu. "Mbona wenzako wanayumba, wewe umesimama tu? Ulipanda treni nyingine?"

Revelian akainuka. Angeweza kudanganya tena, uzoefu alikuwa nao. Lakini alikuwa amechoka.

"Behewa lilikuwa limeegeshwa," akasema. "Tuliambiwa tuyumbe. Mie nilijaribu, nikashindwa. Mchambuzi hayumbi hata treni ikiyumba, anajikita kwa miguu. Akiyumba, barua ya Tabora inaenda Mwanza. Nimewadanganya miaka yote hii. Mama Clara, nawe nimekudanganya. Nisamehe."

Adelina hakuinuka kitini.

"Mie nilijuaga," akasema. "Siku ile nilikuwa nje ya uzio wa karakana na beseni langu la vitumbua. Mie na wauzaji wenzangu tuliwaona dirishani, tukacheka mpaka vitumbua vikapoa."

"Ulijua? Kabla sijakuposa?"

"Kabla hujajua hata jina langu."

"Na ukaninyamazia miaka karibu hamsini?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri, nikuharibie ya nini? Ila nisikilize, Baba Clara. Mie sikuolewa kwa ile hadithi. Siku ile watu watatu walikuwa wanaigiza, mmoja anafanya kazi. Nikawaambia wenzangu palepale, yule asiyeyumba ndo wangu."

Vigelegele vikalipuka. Mzee Revelian akamshika mkewe mkono mbele ya parokia nzima, na hakuuachia.