Ufunguo wa Ghala la Kahawa

Twaibah Nangobi ana kovu begani, mahali risasi ilipoingia. Kwa zaidi ya miaka arobaini kovu hilo ndilo lililokuwa ushahidi wake. Aliwaonyesha makamishna, mapolisi, wabunge na waandishi wa habari. Alikuwa akitoka kwake Mafubira, Jinja, kwenda Mbale kudai jambo moja tu: waliowaua watu kumi na mmoja katika ghala la kahawa mwaka wa sabini na tisa wafikishwe mahakamani. Watu walimheshimu. Akisifiwa aliinamisha macho, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Mwaka ule serikali ya wanajeshi, iliyoongozwa na Mwislamu, ilipoanguka, Waislamu walianza kulipiziwa kisasi kwa mambo ambayo wengi wao hawakuyatenda. Twaibah alikuwa na miaka kumi na minane, akikaanga chapati Nabuyonga, mtaa wa Mbale. Baba yake na wafanyabiashara wenzake, akiwemo Masaba, mume wa Rahmah, rafiki wa Twaibah, walifichwa na Bogere, Mkristo aliyelinda ghala la kahawa. Bogere aliwafungia kwa kufuli la nje ili ghala lionekane tupu. Ufunguo mmoja alikaa nao yeye. Wa pili alimpa Twaibah, aliyewapelekea chakula.

Afande Yekosofati alikuwa mteja wake wa kila siku. Siku ya nne alikuja kibandani bila bunduki, akala chapati mbili, akasema kwa Kiswahili cha kambini:

"Dada, wazee yako iko wapi? Kesho watu mbaya nakuja. Mimi iko na lori. Napeleka wao Jinja, wanapona."

Twaibah alimwamini. Au alikuwa amechoka kuogopa. Hata leo hana hakika. Alimpeleka hadi ghalani, akafungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo askari sita wakateremka kutoka kwenye lori. Yekosofati akawaita wawili kwa majina walinde mlango, na Twaibah akasukumwa ndani walimokuwa wengine. Risasi zilipoanza, baba yake alimwangukia juu. Alilala chini yake mpaka lori likaondoka.

Hospitalini Rahmah alimshika mkono, akamuuliza, "Nani aliwaambia?"

"Sijui," alisema Twaibah.

Watu wakamgeukia Bogere, kwa kuwa ndiye aliyelinda ghala. Bogere alisema kulikuwa na ufunguo wa pili, lakini nani angemshuku msichana aliyepigwa risasi na kufiwa na baba? Alikuja mwenyewe hospitalini, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mwanangu, waambie tu," alisema.

Twaibah akageuza uso ukutani. Wiki hiyo nyumba ya Bogere ilichomwa moto. Alihamia Nalufenya, Jinja, na huko alifia miaka mingi baadaye, akiitwa msaliti.

Baada ya hapo ndipo Twaibah alipoanza kudai haki, kwa bidii ya mtu anayekimbizwa. Alieleza lori, askari, maiti. Akiulizwa jina la mkubwa wao, alijibu kwamba hakumjua. Kumtaja Yekosofati kulikuwa sawa na kumpa nafasi ya kusema nani alifungua mlango. Naye Yekosofati alistaafu, akajenga nyumba Nabuyonga. Siku moja walikutana sokoni.

"Dada wa chapati," alisema taratibu, "sisi wawili tunanyamaza tu, sivyo?"

Twaibah alinunua nyanya zake, akaenda.

Mwaka juzi wakili kijana aitwaye Racheal alikuja nyumbani kwa Rahmah, alikofikia Twaibah, kuandika ushahidi upya.

"Mama, kufuli lilivunjwa au lilifunguliwa?" alimuuliza Twaibah.

"Lilifunguliwa."

"Na nani?"

Rahmah akadakia, "Bogere. Hilo linajulikana."

Twaibah akasema, "Si Bogere. Ni mimi."

Akaeleza yote, akamtaja Yekosofati na wale askari wawili walioitwa kwa majina. Racheal aliandika mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mama, mzee Yekosofati tulimzika mwaka jana. Nimesoma na mjukuu wake. Maiti hashtakiwi."

Rahmah alimtazama Twaibah kana kwamba anamtafuta.

"Kumbe alikuwa hapa hapa," alisema. "Nikinunua sukari duka moja naye. Na wewe ukija Mbale unalala kwangu."

Akaingia jikoni, wala hakutoka tena mpaka walipoondoka.

Huko Nalufenya, Oliver, binti yake Bogere, ana kibanda cha ushonaji. Kwa miaka mingi Twaibah alikuwa akizunguka mtaa mzima ili asipite mbele yake. Safari hii alikwenda moja kwa moja. Oliver alimsikiliza bila kumkaribisha kiti.

"Baba alikutaja akiwa anakufa," alisema. "Alisema, yule msichana atasema siku moja. Mimi nikamwambia asijisumbue."

"Naomba..."

"Usiniombe kitu. Nenda ukaseme mbele ya wale waliotuchomea nyumba. Nitakuja kusikia."

Ijumaa, watu walipomaliza kuswali, Twaibah alisimama uani mwa msikiti Mbale, akasema. Oliver alikuwa amesimama karibu na lango. Hakuna aliyemtukana Twaibah. Mzee mmoja aliinuka, akasema, "Nyumba ya Bogere tulichoma sisi," akaketi. Wengine waliendelea kutazama chini.

Kati ya askari wawili waliotajwa, mmoja alipatikana hai. Kesi imefunguliwa, imeahirishwa mara tatu. Kila ikitajwa, Twaibah anakwenda Mbale, analala katika nyumba ya wageni karibu na stendi. Mahakamani yeye na Rahmah hukaa benchi moja, mmoja huku, mwingine kule. Twaibah humtolea salamu. Rahmah huitikia, kwa kuwa dini inamlazimu, kisha hugeukia upande wa hakimu.