Simu Iliyoita Kutoka Mfukoni mwa Aurino

Aurino Feitosa alifukuzwa kazi katika shamba la Lajedo Alto akiwa bado amelala kitandani, mguu wake wa kulia ukiwa ndani ya plasta. Gilvandro, msimamizi wa shamba, alitangaza kwamba mzee huyo alianguka kwa sababu ya kuchezea simu juu ya farasi. Haikuwa kweli. Aliyetamka hayo alijua kuwa si kweli, na adhuhuri ya tukio lenyewe alikuwa ameikata simu ya Aurino kwa kidole chake mwenyewe.

Huku kwetu ng'ombe hawachungwi uwandani. Wamo ndani ya nyika ya miiba, na anayewafuata hana budi kuingia humo kwa farasi anayekimbia, kifua chake kikiwa kimelala shingoni mwa mnyama, uso umefichwa nyuma ya ukingo wa kofia. Aurino aliifanya kazi hiyo tangu alipokuwa kijana, na ungemwona akitoka upande wa pili wa kichaka, majani makavu mabegani na fahali mbele yake, ungejiuliza ni mlango gani aliopitia. Vazi lake lote lilikuwa la ngozi: kofia, koti, suruali ya juu, glavu. Lilishonwa na mkewe, Iraides, ambaye karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao.

Koti la mchunga ng'ombe halina mfuko. Ndivyo yalivyoshonwa makoti ya babu zetu, na kwa sababu nzuri: mwiba ukiunasa mfuko, humng'oa mtu tandikoni. Basi shamba lilipoamuru kila mchunga atembee na simu ya vitufe, ilimpasa mtu mmoja ofisini aulize simu hiyo itakaa wapi. Hakuna aliyeuliza. Aurino akaitia mahali pekee palipokuwa na mfuko, nyuma ya suruali yake ya kitambaa, chini ya ile ya ngozi, kati ya mwili wake na tandiko.

Tandiko likaanza kupiga simu. Kitufe kimoja kikikandamizwa kwa muda kilimwita Gilvandro. Kingine kiliita nyumbani. Aurino alivifunga vitufe kila asubuhi kama alivyoelekezwa, na farasi akavifungua kabla jua halijapanda. Kioo kilipasuka mara mbili.

"Makalio ya Aurino hayo, yananisalimia tena," Gilvandro alizoea kusema mbele ya watu, kisha akakata. Wachunga walicheka, na Tiburtino, rafiki wa Aurino tangu utoto, alicheka kuliko wote. "Kaka, bora uyafundishe kusema shikamoo," alimwambia.

Iraides hakukata hata siku moja. Aliiweka simu yake juu ya benchi, karibu na msharasi wake wa kutobolea ngozi, akashona huku akisikiliza kwato, matawi yanayovunjika, ngozi inayokwaruzwa, halafu aboio. Aboio ni wimbo wa kuwaitia ng'ombe. Karibu hauna maneno; ni sauti ndefu inayopanda, inasimama juu kama iliyosahau kushuka, kisha inateremka taratibu mpaka kwenye pumzi ya mwisho. Fahali aliyemtoroka kila mtu huusikia, akageuka. Nimezaliwa huku na nimezeekea huku, na kila nikiusikia nywele za mikono husimama.

Adhuhuri moja ya Oktoba, wakati nyika yote imekauka ikawa rangi ya majivu, nilikuwa karakanani kwa Iraides kutengenezewa kandambili. Simu ikalia.

"Mzee huyo?" niliuliza.

"Mzee hana habari, shoga. Tandiko ndilo linalonipenda."

Akaiweka benchini. Aurino alikuwa akiimba. Iraides akapitisha uzi, akauvuta, kisha mkono wake ukasimama hewani.

"Unasikia nini?"

"Anaimba."

"Na kingine?"

Nilisikiliza. Hapakuwa na kingine.

"Kwato ziko wapi?" alisema, kwa sauti ndogo. "Hakuna tawi, hakuna ngozi. Aurino haimbi hivi farasi akiwa amesimama. Mume wangu yuko chini."

Alimwita kwa jina, akarudia. Aurino hakusikia, simu ilikuwa chini ya uzito wake, na wala hakujua kuwa inaita. Aliendelea kuimba, na sasa nami nikasikia jinsi pumzi ilivyokatika kila aliposhusha sauti. Kisha, kwa mbali, zikaja kengele. Moja, halafu kadhaa, halafu nyingi, na katikati yake moja nzito yenye mlio uliopasuka.

"Huyo Brauna, ng'ombe kiongozi," Iraides alisema. "Ukanda wa kengele ile niliukata mimi. Kundi lake hunywa maji kisimani Pocinho."

Tulikuwa wanawake wawili mbele ya kisimu kidogo, nasi tulisikia ng'ombe wenye kiu ya Oktoba wakiyapa maji mgongo ili kwenda kwa mtu aliyeanguka. Sijapata maneno ya jambo hilo, wala siyatafuti tena.

Iraides hakutaka kuikata simu yake, kwa hiyo alimpigia Gilvandro kwa yangu.

"Bi Iraides, huo ni mfuko tu," Gilvandro alijibu. "Hata mimi kanipigia sasa hivi, nimekata."

"Yuko chini, Gilvandro. Pocinho."

"Nina wageni mezani, mama yangu. Akirudi jioni umwambie aniheshimu."

Tukamwandikia Tiburtino, naye hakuhitaji maelezo. Alituma neno moja tu, "Naenda," akapanda farasi. Alimkuta Aurino chali, mguu umepinda chini yake, na ng'ombe wamemzunguka, wamesimama bega kwa bega hata kivuli chao kikamfunika. Sauti ilikuwa imekwisha. Midomo tu ilikuwa ikienda. Tiburtino, mtu wa mizaha, alivua kofia kama aliyeingia kanisani.

"Umejuaje?" Aurino alimwuliza.

"Si umepiga simu."

"Mimi? Sijapiga simu mimi."

Wiki hiyohiyo Gilvandro akamfukuza. Wachunga walikataa kukusanya kundi mpaka mwenye shamba, Bi Eulina, alipotoka mjini kuja kusikia. Akasema atamrudisha Aurino mguu ukipona, ikiwa atathibitisha kwamba simu haitajipigia yenyewe tena, wala kumponza.

Iraides akashona koti jipya. Ndani yake, kifuani upande wa kushoto, mahali mwiba usipofika, akaweka mfuko wenye bitana ya manyoya ya kondoo ya kunyonya jasho. Vitufe vilitazama kifua, na mbele yake akaweka kipande cha ngozi ya soli chenye kingo zilizoinuliwa, kisiguse kitufe chochote. Juu, ulimi wa ngozi na kifungo cha pembe.

"Shemeji," Tiburtino alimwambia, "siku ile simu ingekuwa imefungwa hivi, leo ungevaa nyeusi."

"Ndiyo maana nimeushona mfuko pale mkono wake unapofika hata akilala chali. Safari hii apige mwenyewe."

Siku ya jaribio tuliketi barazani. Simu ya Gilvandro na ya Iraides ziliwekwa mezani, kati ya vikombe vya kahawa na sahani ya sukari guru. Fahali akafunguliwa, na Aurino akaingia kichakani nyuma yake. Tulisikia nyika ikivunjika kama moto unaotembea. Mezani, kimya. Ikapanda aboio, ikasimama juu, ikashuka. Mezani, kimya bado. Bi Eulina hakuyaondoa macho yake kwenye zile simu.

Aurino alitokeza na fahali mbele yake, damu shavuni, miiba imejaa kofiani. Bila kutazama, kwa mkono mmoja, alifungua kifungo cha pembe, akatoa simu nzima isiyo na mkwaruzo, akakandamiza kitufe. Simu ya Iraides ikalia mezani, naye akaipokea.

"Ni mimi," sauti ilisema. "Safari hii ni mimi kweli."

Gilvandro alikuwa akitazama viatu vyake.

Tarehe 3 Juni 2013 Aurino Feitosa alirudi kuongoza ng'ombe wa Lajedo Alto, na tangu siku hiyo hakuna koti lililotoka katika karakana ya Iraides bila mfuko ule.