Sharti la Fundi wa Kuba

Mke wangu ni fundi mwashi, na mimi ndiye ninayemkorogea chokaa. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize. Mtaani wanamwita Mama Kuba, maana yale makaburi ya mawe yenye kuba, ya watu wa kale ambao hata majina yao yamefutika, hakuna fundi mwingine anayethubutu kuyagusa. Kazi aliirithi kwa baba yake. Mimi nilirithi beleshi.

Mwaka huu mvua iliangusha kuba ya kaburi kubwa kuliko yote. Mama Kuba aliijenga upya kwa miezi minne, mzunguko juu ya mzunguko, kila mzunguko wa mawe ukijibana wenyewe, mpaka likabaki tundu la juu kabisa. Akaliziba kwa jiwe moja. Chini ya kuba tulikuwa tumesimamisha miti kumi na miwili ya kuishikilia hadi chokaa ikauke.

Chokaa ilipokwisha kukauka, ndipo akaja mkaguzi wa majengo na viatu vyake vinavyong'aa. Akazunguka, akapiga picha, akauliza, "Nondo ziko wapi?"

"Hakuna nondo," mke wangu akajibu.

"Michoro je? Hesabu?"

"Kichwani."

Mkaguzi akaguna. Akasema kuba isiyo na nondo haiwezi kujibeba, siku miti ikitolewa itashuka yote. Jumatatu angeleta watu waibomoe, pawekwe paa bapa la zege. "Usichukie, mama. Ni usalama tu."

Mke wangu akanyamaza, nami nikajua yamekwisha. Huyu mwanamke akifoka, afadhali, atapoa. Akinyamaza, tafuta pa kujificha.

Jumatatu wabomoaji sita walishuka kwenye lori na nyundo zao kubwa. Wakamkuta ameshaingia ndani ya kaburi, kanga ameikaza kiunoni, nyundo mkononi. Kwa baba yake lilikuwepo sharti: aliyejenga kuba ndiye anayeiangusha miti, tena akiwa chini ya kuba hiyo. Fundi anayeogopa kusimama chini ya kazi yake, wazee walisema, amewajengea wenzake kifo.

"Mama, toka humo!" mkaguzi akapiga kelele mlangoni.

"Si ulitaka hesabu? Hesabu ndiyo hii, imesimama mbele yako. Nikikosea, kaburi lipo tayari, hamtahangaika kuchimba!"

Wabomoaji wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliogopa, sioni haya kusema. Akapiga mti wa kwanza, pu, ukalala. Wa pili. Wa tatu. Kila mti ukianguka mkaguzi anaruka nyuma hatua moja. Ulipolala wa kumi na moja vumbi likamwagika kutoka juu, na jiwe mahali fulani likalia.

Hapo nikaingia. Sikuamua, miguu iliamua.

"We mzee, una wazimu? Nje!"

"Sitoki. Na wewe acha kunipigia makelele, piga mti."

Aliniangalia kwa hasira, machozi yakimlengalenga. Kisha akapiga.

Mti wa mwisho ulianguka. Kuba ikaguna kama mtu anayekaa kitini baada ya safari ndefu, vumbi likatuingia machoni, halafu kimya. Tukangoja. Hakuna kilichoshuka. Nilimshika mkono.

"Haya, mkaguzi," mke wangu akaita. "Njoo uikague. Kuba hukaguliwa kutoka ndani."

Mkaguzi akabaki palepale na karatasi zake. "Haina nondo," akasema. "Amri ni amri. Bomoeni!"

Mbomoaji mmoja, jitu la mtu, akaweka nyundo yake chini. Akainamisha kichwa mlangoni, akaingia, akasimama karibu yetu akitazama juu. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, hadi tukabanana.

"Nimesema bomoeni!" mkaguzi akafoka. "Tokeni mbomoe!"

Hakutoka hata mmoja.