Bi Kidawa na Moto wa Walima

Ukinambia tufani inakuja, mie sikuulizi itafika saa ngapi. Nakuuliza kwanza wewe mtu wa wapi. Unguja hii kisiwa kidogo, asubuhi uko kusini, mchana ushafika kaskazini, lakini mbele ya tufani kila mahali pana hofu yake na dawa yake. Mtu wa Makunduchi anaogopa upepo. Akisikia tu redio imetaja upepo mkali, yuko juu ya paa anakaza makuti kwa kamba, na jirani yake mwenye bati anapandisha matairi mabovu na mawe ya kuligandamiza. Mtu wa Mji Mkongwe upepo haumbabaishi, kuta zake za mawe na chokaa ni nene. Yeye anaogopa mvua, maana mvua inaingia ndani ya ukuta kidogo kidogo, inakaa kimya, na siku jua lishatoka na watu washasahau, ndio ukuta unashuka. Na sisi wa Michenzani, kwenye majumba yetu marefu ya ghorofa, tunaogopa umeme kukatika. Umeme ukikatika maji hayapandi, na wa juu atapanda ngazi na ndoo kichwani huku akimlaani kila anayemkuta njiani.

Miye ndiye ninayekutwa njiani. Naitwa Tabia. Babu yangu alitoka Unyamwezi kuja kuchuma karafuu, msimu ukaisha na yeye hakurudi, basi ndio mpaka leo tupo. Nakaa ghorofa moja chini ya Bi Kidawa, na kazi yangu ni kumkaangia vitunguu.

Bi Kidawa ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, ukimkuta mwanamke mfupi kajifunga kanga kiunoni, kashika mwiko mrefu kumshinda yeye, anamfokea kila mtu na hakuna anayenuna, huyo ndiye. Kazaliwa Makunduchi, kaolewa mjini, mumewe akafa mapema, na mwanawe mmoja, Yusra, kamlea kwa biriani za harusi za watu. Hapimi chumvi kwa kijiko. Anamwaga kwenye kiganja, anaitazama kama inamdai, halafu anaitia.

Ila ana jambo lake moja. Upepo ukianza kupiga mluzi, anazima jiko. Hata kama kuna nini juu yake. Maandazi yake mabichi katikati nshayala mara nyingi, na nikimtania ananijibu kwamba sisi watu wa ghorofa hatujui kitu. Kwao Makunduchi upepo ukiamka mtu mmoja hupiga ukelele, na ukelele ule ukipita kila nyumba inazima moto wake, maana cheche moja ikiruka kwenye makuti basi mtaa mzima umekwenda. Namwambia, Bi Kidawa, juu yako kuna zege. Anazima vile vile. Sikumwelewa, na kusema kweli sikujisumbua kumwelewa. Nliona vituko vya kishamba.

Sasa Yusra akaposwa. Kaposwa na Ghanim, kijana wa Mji Mkongwe, mtoto wa Bi Bahiya. Bi Bahiya ni wa ukoo wa Kiarabu, wazee wake walikuwa na mashamba ya karafuu, siku hizi amebakiwa na nyumba na heshima, na nyumba yenyewe inavuja. Si mtu mbaya. Ana sauti ya taratibu, na hakuna siku utamwona kanga yake imeanguka kichwani. Lakini kila akimtaja mama wa biharusi alikuwa anasema "yule mpishi". Hakumtukana. Alisema hivyo hivyo tu, kama unavyosema yule fundi, na maneno yakatembea mpaka yakapanda ngazi za Michenzani.

Bi Kidawa aliposikia aliendelea kumenya vitunguu mpaka vikaisha. Kisha akanambia walima wa kiumeni, ile karamu ya ndoa ya upande wa mume, atapika yeye. Nikamuuliza, wapi umeona mama wa biharusi akawapikia upande wa mume, si watasema kajileta? Akanijibu:

"Waache waseme. Mwanangu anakwenda kuishi kwenye nyumba ile. Wakishakula mkono wangu, hawatoniita mpishi. Wataniita mkwe."

Basi nikajua sio biriani tena. Akapeleka ujumbe, na Bi Bahiya akajibu kwa ile sauti yake kwamba sawa, inshallah. Inshallah ya namna ile kila mtu anaijua.

Siku ya ndoa ikaangukia katikati ya masika, na redio ikatangaza tufani. Boti zikasitishwa, wageni wa Pemba wakabaki Pemba. Lakini ndoa ishatangazwa haiahirishwi kwa sababu ya mvua, watu wa mjini hawana mambo hayo. Itafungwa msikitini baada ya sala ya Adhuhuri, na wanaume wakitoka wanakuja kula. Asubuhi kulipokucha tulikuwa uani kwa Bi Bahiya, pale katikati ya nyumba, tumefunga turubai juu, meko matatu yanawaka. Masala ya nyama yanatokota upande mmoja, mchele upande wa pili, na mimi na vitunguu vyangu huku machozi yananitoka. Mvua inapiga turubai lakini sisi tuko salama. Bi Kidawa alikuwa anafoka vizuri sana siku ile. Nikasema, leo hawa watu watakula mpaka washindwe kunyanyuka.

Tatizo kwenye ua ule lilikuwa ukuta. Ukuta wa nyuma umetuna, umefanya tumbo la mtu aliyeshiba, na Bi Bahiya kila baada ya muda anateremka ngazi kuupapasa kwa mkono kama unapapasa kipaji cha uso wa mgonjwa. Aliposhuka safari ya mwisho alisema chokaa ishaanza kulowa na yeyote asikae upande ule. Upande ule ndio uliokuwa na meko.

Kabla hatujamjibu upepo ukaingia. Ulikuja kwa juu, ukalishika turubai, ukakata kamba moja, na moto chini ya mchele ukalala ubavu na cheche zikapaa mpaka kwenye boriti za ghorofa. Mimi nliruka nyuma. Bi Kidawa hakuruka. Alishika ndoo ya maji, akazima jiko la kwanza, akarudi kwenye pipa, akazima la pili, akazima na la kwangu. Alifanya haraka. Mara tumesimama kwenye moshi na majivu, mchele uko kwenye maji nusu ya kuiva, kiini bado kigumu, kuni zinaelea.

Mashangazi wa Ghanim walikuwa wamejaa kwenye ngazi, wanatuangalia kutoka juu.

"Bi Kidawa," akasema Bi Bahiya, "umefanya nini?"

Bi Kidawa alikuwa bado ameshika ndoo. Mashangazi wakaanza kunong'ona, na moja katika minong'ono ile nliisikia wazi, kwamba haya ndiyo matokeo ya kuchukua watu ovyo. Nliona haya kwa ajili yake, na nlimkasirikia pia, nisiseme uongo. Kazi ya miaka yote ile, jina lote lile, kalimwagia maji kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya mwanawe.

Kuwasha tena haiwezekani. Kuni zimelowa, turubai linapepea. Jikoni kwa Bi Bahiya kuna jiko moja la gesi la kuchemshia chai. Majirani? Zamani ungegonga milango kumi. Siku hizi kulia kwake ni hoteli, kushoto hoteli, na nyumba ya mbele imefungwa inasubiri kuwa hoteli. Ndipo mdomo wangu ukafunguka, nikasema kwetu Michenzani kila nyumba ina gesi, na watu wake wapo ndani maana tufani imewafungia. Tupeleke huko, tugawe.

Nilidhani Bi Bahiya atanitoa mbio. Akautazama ukuta wake, akatutazama sisi, akaenda kuvaa buibui. Alisema mchele wa walima wa mwanawe hautoki nyumba ile bila ya yeye.

Tukampata Jaku, hamali wa soko la Darajani, mtu ambaye mvua kwake ni sawa na jua. Masufuria tukayapakia kwenye gari lake la kuvuta, tukayafunika turubai, naye akavuta. Vichochoro vilikuwa mito. Viatu vya watu vinatupita, ndoo ya mtu inatupita. Bi Bahiya kashika mfuniko wa sufuria la masala kwa mikono miwili, maji yamempita magotini, kanga iko pale pale kichwani. Bi Kidawa alitembea nyuma kabisa mpaka tumevuka barabara.

Michenzani umeme ulikuwa ushakatika, kama kawaida yake. Ngazi giza. Nikaanza kugonga milango, na kila aliyefungua nikamwambia kuna walima na moto hatuna. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Waliniuliza sufuria la ukubwa gani. Bi Maryam wa ghorofa ya chini aliuliza pia kama atakayepika anapata fupa, nikamwambia atapata. Kwa muda mfupi mchele ulikuwa umeenea jengo zima, kila mlango na sufuria lake, watu wanaitana kwenye ngazi kuulizana maji yatiwe kiasi gani. Mie napanda, nashuka, natoa amri, na sikuficha kwamba nlikuwa nafurahi.

Nikafika kwa Bi Kidawa kuangalia masala, kwa kuwa masala hatukuyagawa. Masala ni siri yake. Nikamkuta amesimama mbele ya jiko, kibiriti mkononi, hajakiwasha. Dirisha linagonga, upepo unalia. Bi Bahiya alikuwa amesimama karibu yake, amelowa.

Bi Kidawa akasema hawezi. Akasema bila ya kututazama. Alikuwa na miaka saba, mama yake kaenda pwani kufunga mwani, kamwambia angalia moto, na akaangalia. Upepo ukaja, akapiga kelele, hakuna aliyemsikia. Nyumba ikateketea, na ndani yake mdogo wake aliyekuwa amelala. Nshakaa chini ya mtu huyu miaka na miaka, nshamcheka maandazi yake, na sikuwa najua. Nikatamani sakafu inimeze.

Bi Bahiya hakusema pole. Akakichukua kibiriti mkononi mwake, akawasha jiko, akavuta kigoda akakaa mbele ya moto, buibui linachuruzika maji sakafuni.

"Wewe pika," akamwambia. "Moto nitauangalia mimi."

Na akauangalia. Dirisha likigonga, Bi Kidawa anageuka, na Bi Bahiya anamwambia upo, haujenda popote. Hakuondoa macho. Nywele zimemtoka mbele, kanga imemwangukia mabegani, mara ya kwanza naiona imeanguka, na hakuirudisha.

Wanaume walipotoka msikitini waliletwa Michenzani badala ya nyumbani kwa Bi Bahiya, na mashangazi wakafuata, Ghanim mbele na joho lake limelowa mpaka limebadilika rangi. Wakatandikiwa mikeka nyumba za chini, wanawake wakakaa juu. Ewe, biriani ile! Kila sinia na mkono wake. La ghorofa ya kwanza lina chumvi, la pili halina, la Bi Maryam limeshika ukoko, mmoja katia mdalasini kama analipwa. Lakini masala yalikuwa mamoja, na yakaokoa yote. Watu walikuwa wanahama nyumba kwa nyumba kuonja, wanabishana lipi bora, na mashangazi wa Ghanim nliwaona kwa macho yangu wanagombea ukoko.

Shangazi mmoja akauliza kwa sauti, kila mtu amsikie, hivi mpishi wa leo ni nani hasa, maana hata hatufahamu. Alikusudia. Mie nshafungua mdomo, Bi Bahiya akanitangulia.

"Mkwe wangu ndiye aliyepika," alisema. "Mie nlikuwa naangalia moto."

Bi Kidawa alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Akaliweka chini, akaenda jikoni, akakaa huko kwa muda, na mimi nikawazuia watu wasiingie.

Ukuta wa Bi Bahiya mpaka leo umesimama, na tumbo lake vile vile, anaupapasa kila masika. Yusra anakaa upande wa pili wa nyumba ile. Na upepo ukianza kupiga mluzi Michenzani, Bi Kidawa haendi tena kwenye ndoo. Anakwenda dirishani na mwiko wake, anatazama njia ya Darajani inayotoka Mji Mkongwe, mpaka amwone Bi Bahiya anakuja na mwavuli uliogeuka nje ndani. Mie nafungua mlango, nampokea mwavuli, nampisha apande. Kigoda chake kiko pale pale mbele ya jiko, na hakuna mwengine anayekikalia.