Nilivyomfuata Mumeza-ng'ombe hadi Nyangezi

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya hasira, na sioni haya kulisema. Kazi yangu ni kuchora kuta. Ukipita Kadutu ukaona mwanamke aliyesukwa vizuri akikutazama kutoka kwenye mlango wa saluni, huenda ni mkono wangu huo. Mwaka huu nilipewa ukuta wa maktaba mpya ya watoto katika parokia yetu. Ulikuwa na visanduku saba, kila kisanduku kiumbe mmoja wa hadithi za dunia, na chini yake mstari wa kueleza alizaliwa wapi na kwa nini.

Sita nilikuwa nimekwisha kuwamaliza. Joka la Uchina, ambalo haliwachomi watu bali huwaletea mvua, maana wakulima wa huko waliishi kwa kutazama mawingu na mito. Simba wa Babeli mwenye mabawa, mlinzi wa milango ya wafalme. Ndege wa Misri anayezaliwa upya pamoja na jua. Nguva wa mabaharia, farasi mwenye pembe moja, na jitu la Wagiriki lenye jicho moja. Hilo la mwisho wengine husema lilitokana na fuvu la tembo: tundu la mkonga liko katikati ya uso, na mtu ambaye hajawahi kumwona tembo ataapa kwamba ni jicho. Nilipokuwa nalichora nilicheka peke yangu. Nchi hii haikosi watu ambao wangewaambia Wagiriki kwamba huyo ni tembo, waende zao.

Kisanduku cha saba kilikuwa cha kiumbe wa kwetu. Nikamchora kwa penseli, kwenye karatasi, Mumeza-ng'ombe wa hadithi ya mama yangu. Mama alitusimulia tukiwa wadogo: mnyama mwenye shingo nyembamba na tumbo kubwa alitoka bwawani, akameza ng'ombe, akameza wachungaji, akameza kijiji kizima. Alibaki mwanamke mmoja tu. Huyo alimkuta amelala ameshiba, akamgonga tumboni, akasikiliza, akagonga tena, akasikiliza, kisha akampiga mahali pamoja tu. Mnyama akapasuka, watu wakatoka na ng'ombe wao. Nilimchora na magamba, mabawa, na moto puani.

Papa Birindwa, mwalimu mstaafu anayeongoza komite ya maktaba, alivaa miwani yake akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

"Nabintu, huyu haiko wa kwetu," alisema. "Hii iko dragon ya Bazungu. Mama yako aliisikia ku bapadri, akaongeza ng'ombe."

"Maman hakuiga kwa mutu, Papa."

"Basi unionyeshe kwenye ilitoka. Zile zingine zote ziko na asili. Kama samedi hauna kitu, tutatia centaure."

Samedi ni Jumamosi, na centaure ni yule nusu mtu, nusu farasi. Miaka yangu yote Bukavu sijawahi kuona farasi hata mmoja, mzima wala nusu. Nilikunja karatasi yangu nikaondoka bila kuaga vizuri, na kwa hilo baadaye niliomba msamaha.

Mama yangu anakaa juu kabisa Kadutu, kwenye nyumba ambayo vijia vyake ni vya kupanda kwa mikono na magoti, na miguu yake haimshushi tena. Aliuza mihogo katika soko la Kadutu hadi magoti yalipokataa. Nilimweleza yote. Aliniuliza kwanza kama nimekula. Kisha niliona kwamba ameumia, maana alianza kukunja kitenge kilichokuwa tayari kimekunjwa.

"Banasema niliiba?" aliuliza.

"Banasema ulisikia ku bapadri."

"Mimi nilizaliwa Nyangezi, sikuzaliwa mu kitabu. Enda kwa ule mudogo wangu, Faida. Uangalie sana, usiseme sana."

Hilo la pili alijua litanishinda.

Alhamisi asubuhi nilipanda moto, pikipiki ya abiria. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tulipouacha mtaa wa Panzi nyuma, barabara ilikuwa tope jekundu lenye mifereji. Tuliwapisha wanawake waliokuwa wakija mjini na mihogo mgongoni, kamba zimebana kwenye vipaji vya nyuso, wakitembea wima kuliko mimi niliyekaa. Motard, dereva wake, alikuwa mtu wa kutoka Walungu, mwenye mazungumzo. Aliponiuliza niendako nikamwambia ukweli, hakushangaa.

"Ile nyama iko na kwetu pia," alisema. "Ya kwetu inameza hata kilima."

"Ya kwetu inatosheka na ng'ombe."

"Njo maana iko mudogo basi."

Tukabishana hivyo kati ya mikaratusi na migomba hadi kwenye kizuizi, ambako askari alitupungia mkono tupite. Nilianza kuona fahari fulani. Mtu wa Walungu na mtu wa Nyangezi walikuwa wakigombea ukubwa wa mnyama, na hakuna aliyesema kwamba mnyama ni wa wageni. Nikamkumbuka okapi, mnyama wa misitu ya Ituri: wageni waliposimuliwa habari zake walidhani ni hadithi tu, na kumbe wenyeji walikuwa wanamjua hadi njia zake. Nikamwambia motard. Akasema hajawahi kumwona okapi, ila hawezi kumkatalia mtu wa Ituri kwa mambo ya kwake.

Kabla ya saa sita nilikuwa Nyangezi. Maman mudogo Faida alinipokea kwa bugali na sombe ya majani ya mihogo, akanitazama mikono, akasema rangi hii haitoki hata kwa sabuni. Nilitaka kumwonyesha mchoro hapo hapo. Akasema, "Kula kwanza. Kisha twende ku bwawa, tuko na kazi." Mimi sikujua kwamba ana kazi bwawani. Nilimjua kama mama mdogo wa mahindi ya Krismasi, yule anayetuma gunia na salamu. Kumbe yeye na majirani zake ni wafinyanzi, na mama yangu pia alikuwa mfinyanzi kabla hajaolewa mjini. Hakuwahi kutuambia. Pengine aliwahi, nasi tulikuwa tunacheza.

Alasiri tuliteremka bondeni. Wanawake watano walikuwa ndani ya mashimo hadi viunoni, wakikata udongo wa kijivu kwa majembe na kuufunga kwenye majani ya migomba. Mkubwa wao alikuwa Maman Nankafu, bibi mwembamba mwenye udongo hadi kwenye viwiko, sauti yake nzito. Hapo uvumilivu wangu uliisha. Nilitoa karatasi, nikaifungua mbele yao.

"Hii njo Mumeza-ng'ombe," nilisema.

Walikusanyika. Mmoja akaigeuza juu chini, akairudisha. Maman Nankafu akafuta mkono kwenye nyasi ili asiichafue, akaweka kidole kwenye mabawa.

"Huyu ninamujua," alisema. "Iko ku kanisa. Chini ya muguu ya Mutakatifu Mikaeli."

Wakacheka wote, na mama yangu mdogo aliwazidi. Nilisikia joto masikioni. Kumbe Papa Birindwa alikuwa amesema kweli, si kuhusu hadithi ya mama yangu, bali kuhusu mchoro wangu. Mimi ndiye niliyeiga. Tangu utotoni nilikuwa nasikia maneno ya mama huku macho yangu yako kwenye picha ya ukutani mwa kanisa.

Jua lilipoanza kushuka walipanda kutoka mashimoni. Hawakuondoka. Walichukua majembe tena, wakarudisha magugu, mawe na udongo mbaya ndani ya kila shimo, wakakanyaga kwa miguu, wakakanyaga tena. Kisha mmoja mmoja, kila aliyemaliza shimo lake, alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema amefunga mlango: "Kinywa kimefungwa." Wenzake wakaitikia, "Kifungwe."

"Kinywa ya nani?" nilimuuliza Maman Nankafu.

"Ya ule uko unatafuta." Alikuwa akifunga mzigo wake. "Ukiacha shimo wazi, mvua inajaza, juu nyasi inaota. Ng'ombe inakuja kunywa, inaingia. Muchungaji anaifuata, anaingia. Ilianza hivyo, zamani sana. Sasa mutu akichimba lazima afunge. Ata mwenye haraka anafunga."

Nilisimama pale na karatasi yangu mkononi. Kabla ya kufungwa, kila shimo lilikuwa na mdomo mwembamba, na ndani likipanuka, kwa sababu udongo mzuri uko chini, pembeni. Shingo nyembamba, tumbo kubwa. Mama hakutaja magamba hata siku moja.

Ijumaa asubuhi nilifuata ushauri wa mama, nikakaa kimya. Nyuma ya nyumba ya Maman Nankafu vyungu vilikuwa vimechomwa jana yake kwa nyasi na maganda ya migomba, na sasa majivu yalikuwa yamepoa. Alivitoa kimoja kimoja. Kila alichokitoa alikiweka mbele yake, akakigonga tumboni kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Kikilia vizuri anakiweka kushoto. Kimoja hakikulia. Kwa macho yangu kilikuwa sawa na vingine. Akagonga tena, akasikiliza, akasogeza kidole kidogo, akagonga, akasikiliza. Alipopata mahali pale sauti ilikuwa fupi, kavu. Akachukua jiwe, akapiga hapo mara moja tu. Chungu kikapasuka vipande viwili safi.

Nililia. Sitafuti neno lingine. Maisha yangu yote nilidhani yule mwanamke wa hadithi alikuwa akibisha hodi. Alikuwa mfinyanzi anayetafuta ufa. Alipona, naamini, kwa sababu alikuwa chini bondeni akichimba udongo, na kijiji kizima kilitoka hai kwa sababu alijua kusikiliza kwa kidole. Wagiriki walilipata jitu lao kwenye mfupa, na Wachina joka lao kwenye mvua. Sisi mnyama wetu alitoka kwenye kazi ya mikono ya wanawake wa Nyangezi: tumbo lake ni chungu, kinywa chake ni shimo, na dawa yake ni ujuzi wao.

Mama mdogo aliniuliza ninalilia nini. Nikamwambia. Alifikiri kidogo.

"Wewe ulifikiri iko kama nini, sasa?" alisema. "Na sisi batu ya vyungu."

Saa nane nilianza safari ya kurudi, na chungu nilichopewa na Maman Nankafu kikiwa mapajani, kimefungwa kitenge. Mvua ilitukuta njiani, tukajikinga kwenye kibaraza cha duka pamoja na mbuzi wa watu. Kwenye kizuizi askari aliuliza nimebeba nini. Nikamjibu ni Mumeza-ng'ombe. Alifunua kitenge, akachungulia ndani ya chungu kitupu, akasema, "Ameshakula yote, pita."

Jumamosi, mbele ya komite, nilimwomba Papa Birindwa msamaha kwa kuondoka vibaya siku ile, na nikakubali kwamba mchoro ule ulikuwa wa kuiga. Alitikisa kichwa kwa adabu, tayari kuandika centaure kwenye daftari lake. Kisha nikaweka chungu mezani, nikasimulia hadithi kama mama anavyoisimulia, bila kuongeza neno. Nilipofika mahali pa kugonga, niligonga. Chungu kikalia chumbani kote.

Papa Birindwa aliweka kalamu chini.

"Rudilia pale pa kusikiliza," alisema.

Nikarudia. Alisogeza kiti, akanyoosha mkono wake wa ualimu wenye chaki ya miaka mingi, akagonga mwenyewe, akainamisha sikio. Aligonga mara tatu. "Miaka yote ninafundisha batoto hadithi za Bagiriki," alisema polepole, "na bibi yangu alikuwa anafinyanga." Centaure hakuiandika.

Siku ya kufungua maktaba tulimshusha mama kutoka Kadutu juu kwa kipoyi, kiti cha kubebwa na majirani wanne mabegani, naye amekaa katikati amevaa kitenge chake cha sikukuu, akiwasalimu watu kulia na kushoto. Walipomweka mbele ya ukuta, aliwapita wale sita bila haraka. Akafika kwa wa saba: tumbo kubwa la kijivu limelala kwenye nyasi za bondeni, shingo nyembamba, kinywa kikiangalia mbinguni. Chini yake nilikuwa nimeandika: Asili, Nyangezi, kwa akina mama wafinyanzi.

Mama alinyoosha mkono, akagonga tumbo lile ukutani, akatega sikio. Papa Birindwa alikuwa amesimama kando.

"Nabintu," mama alisema, "ufa iko wapi?"

Sikuwa nimeuchora. Nilimtengeneza mzuri mno, mzima, bila kasoro.

"Bila ufa," alisema, "ile batu yote itatokea wapi?"

Yapo mambo niliyojifunza katika safari hii, na nilidhani nimeyamaliza njiani: kwamba kila kiumbe wa hadithi amezaliwa na watu waliokuwa wakitazama kitu cha kwao kwa makini, na kwamba cha kwetu hatukuomba kwa mtu. Lakini la mwisho nilijifunzia hapo hapo, mita mia chache kutoka nilikozaliwa. Nilichovya brashi kwenye rangi nyeusi, nikampa mama. Hajawahi kushika brashi maishani mwake. Aligonga tena, akasogeza kidole kidogo, akasikiliza, akapata mahali. Kisha akapiga mstari mmoja tu.

Upo pale hadi leo, na watoto wanaoingia maktaba hugonga hapo kwanza.