Injini Iliyopona Mapema

Mafundi wa Garsen ni waongo. Sisemi kwa ubaya, wengine ni rafiki zangu. Fundi akikwambia "kesho" hajakuahidi siku, amekusalimia tu. Dhadho, mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko la mifugo, ni mwongo kama wenzake, ila uongo wake wa msimu uliopita ulikuwa wa kinyume, na ndio uliomkondesha. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena bila kuulizwa.

Kazi yake ni pikipiki na pampu za kuvuta maji mtoni. Ni mtoto wa wafugaji. Alikua akifuata ng'ombe wa babake nyikani, na ukame ulipowamaliza akashika spana. Mkono wake ni mwepesi. Hata wanaomlaani kwa kuchelewesha kazi humrudia yeye yeye.

Basi akaja Mzee Gershom, mkulima wa mpunga kando ya mto. Zamani Gershom alitunza nyumba ya Mtaliano mmoja kule Malindi, na yule Mtaliano aliporudi kwao akamwachia kindege cha kuchezea: mabawa marefu kama kitanda, injini ndogo ya petroli, na rimoti ya kukiongozea. Mtaliano alikirusha kwa kujifurahisha. Gershom alikipeleka shambani kuwinga ndege. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na kindege kile kikipita juu yao kikinguruma, wote hutimka. Majirani walimcheka mwanzoni. Baadaye wakaja kwa adabu kumwomba apitishe na kwao.

Msimu huo, masuke yakiwa bado hayajatoka, kindege kikaanguka mtoni. Gershom akakiopoa, akaanika mabawa, akaileta injini kwa Dhadho ikiwa imeviringishwa katika leso ya mkewe, Florence.

"Fundi, huyu ndio askari yangu," akasema. "Mpunga ikitia maziwa, nataka yeye awe kazini."

"Usijali, mzee. Wacha hapa."

Injini yenyewe ilienea kiganjani. Tope lilikuwa limeingia kila tundu, beringi zimeshika kutu, pistoni imekwama kwenye silinda. Dhadho aliiloweka kwenye mafuta ya taa, akaibembeleza kwa nyundo ya mti hadi ikaachia. Ndani akakuta kila kitu alichokizoea kwenye pikipiki, ila kimepunguzwa: valvu mbili kama misumari, kamshafti ya kuzifungua isiyozidi kidole cha mtoto. Akasaga valvu kwa mkono zikae sawasawa. Nafasi ya tapeti, vile vidude vinavyosukuma valvu, akaipima kwa wembe. Gasketi akaikata mwenyewe kwa mkasi, kutoka kwenye karatasi ngumu, na beringi akazipata kwa muuza spea pale pale mjini.

Akaifunga juu ya kipande cha ubao, akatia petroli, akapiga propela kwa kidole. Ikawaka.

Hapo ndipo alipoharibikiwa. Kwa miaka yote amesikiliza pikipiki zikikohoa na pampu zikilia kama punda, na sasa mbele yake kitu kidogo hivi kikavuta, kikabana, kikawaka, kikatema moshi, mlio wake mzito na mtulivu bila kukosea hata mara moja. Watu wakatoka sokoni kuja kutazama. Wakaanza kumwita fundi wa ndege, naye akavimba kichwa.

Gershom alipopiga simu, Dhadho akajibu, "Spea bado, mzee. Iko njiani kutoka Mombasa."

Kila siku baada ya swala ya alasiri aliiwasha, akakaa kwenye ndoo kuisikiliza. Nafsi ikimsuta, alikuwa na jibu lake. Kwao mtu akiachiwa ng'ombe wa jirani amtunze, hunywa maziwa, na hakuna anayemwita mwizi. "Mimi nakunywa maziwa tu," alijiambia, "ng'ombe ni wa Gershom." Ila alijua vizuri sehemu ya pili ya desturi hiyo: mwenyewe akimtaka ng'ombe wake, anapewa siku hiyo hiyo. Na Gershom alikuwa akipiga simu, akiuliza kwa upole, na akimshukuru kwa taabu yake.

Kisha simu zikakoma.

Mwanzoni Dhadho alipumua. Halafu kile kimya kikaanza kumtafuna. Akiiwasha injini hasikii utamu wowote, na chakula hakipiti. Mwishowe akaiviringisha ndani ya leso, akapanda pikipiki, akashika njia ya mtoni.

Suke la mpunga likijaa huinama. Ya Gershom yalikuwa yamesimama wima, shamba zima, meupe na matupu. Kando ya tuta palikuwa na madebe yaliyobonyea kwa kupigwa. Florence alimpokea kwa kutikisa kichwa tu, kwa sababu sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kuwapigia ndege kelele. Alikuwa akipepeta kilichobaki kwenye ungo mmoja.

Gershom akamtolea kiti, akampa chai. "Pole, fundi. Hiyo spea imekuhangaisha."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Dhadho iliishia kwenye kikombe hicho. Angeweza kunywa na kuondoka, kwani hakuna aliyemshuku. Akakiweka chini.

"Mzee, hakuna spea iliyochelewa. Nilidanganya wewe. Injini ilipona zamani, nikawa nawasha kusikiza tu. Nisamehe."

Gershom akaipakata injini, akazungusha propela polepole, akasikia jinsi pistoni ilivyobana. Hakuna mtu aliyeipenda mashine ile kuliko yeye.

"Inalia vizuri?"

"Vizuri sana, mzee."

"Ulikuwa unawasha saa gani?"

"Baada ya alasiri. Kila siku."

Gershom akatazama shamba. "Hiyo ndio saa ndege walikuwa wanashuka."

Florence akasimamisha ungo. Akamgeukia Dhadho, akafungua mdomo amwambie alilonalo, midomo ikacheza, mishipa ya shingo ikamsimama, na sauti haikutoka.